Matundu Saba

Kazungu, mlinzi wa nyumba, alinipigia alfajiri:
"Fundi Shebwana, kindi wameingia tena.
Wamekata waya wa friji, wamechana godoro la mwenyewe,
na mwenyewe yuaja Jumanne."
Sikumuuliza ni nyumba ipi.

Tukapita vichochoro vya Mkomani, mimi na mfuko wa chokaa,
Twalibu nyuma na ngazi,
akigonga kuta za watu kila kona
na kuyaomba mawe radhi.

"Kwanza weka chini hiyo sumu," nikamwambia Kazungu.
"Kindi aliyelishwa sumu hafi mbele yako.
Hufia ndani ya ukuta,
na harufu yake utakula nayo mwezi mzima."
"Na paka?"
"Paka wa Amu na kindi walishagawana:
hawa chini, wale juu.
Mirathi hiyo haina kesi."

Kazi yenyewe si kufukuza. Ni kujua mtu anaingilia wapi.
Nikakaa juu ya dari hadi jua likapanda, nikitazama mikia.
Tundu moja chini ya makuti, pale fito zilipooza.
Moja kwenye mfereji wa mvua.
Matatu mengine ni ya aibu tu, ya fundi aliyenitangulia,
aliyelipwa kwa dola akaziba kwa magazeti.
Tawi la mwarobaini, daraja lao, tukalikata
baada ya Bi Mwanaheri wa nyumba ya pili kutuapisha
kwamba majani yote ni yake.

"La sita umelijuaje?" Twalibu akauliza.
"Liko nyuma ya zidaka, halionekani hata kwa tochi."
"Jicho la fundi."
Uongo. Kidole changu kilikuwa kikiingia humo nikiwa na miaka saba,
kuficha senti, karatasi ya peremende, jino langu la kwanza.
Ukuta ulikuwa wa bibi yangu
kabla warithi kumi na mmoja hawajaketi sabuleni
wakainuka, nyumba imekuwa karatasi,
karatasi pesa, pesa mahari na madeni.
Hatukufukuzwa. Tulipewa miezi mitatu na chai.

Nikachokoa kwa msumari. Senti haipo, jino halipo.
Kindi hawaachi kitu.

La saba lilikuwa baina ya boriti mbili, juu ya mlango wa ndani.
Nikatia mkono: joto.
Watoto watatu, uchi, macho yamefumba,
wamelazwa juu ya sponji ya godoro la mwenyewe.
Mama yao kwenye wikio, mkia unamtetemeka, ananitukana.
"Ziba," Kazungu akasema.
"Chokaa haijaiva."
Chokaa ilikuwa bado imo mfukoni.

Tukaweka redio yake chini ya tundu, sauti juu,
matangazo ya vifo kutoka Mpeketoni hadi Garsen,
na taa ikimulika papo hapo. Tukajitenga ngazini.
Mama ana masikio; penye kelele si pa kulelea.
Akaja. Mmoja mdomoni, akavuka wikio, akapotelea mnazini kwa jirani.
Wa pili.
Wa tatu hakumjia mpaka alasiri,
na muda wote huo Kazungu, aliyetaka sumu,
hakugusa chai yake.

Nikaziba. Wavu wa chuma, jiwe la tumbawe, chokaa.
Twalibu, akikoroga: "Kitendawili."
"Tega."
"Nyumba yangu haina mlango."
Jibu ni yai, kila mtoto anajua.
Nikaendelea kupiga lipu.

"Hawatarudi?" Kazungu, kalamu mkononi.
"Watarudi. Aliyezaliwa humu hurudi.
Atakwaruza wiki moja, mbili, atanusa chokaa,
kisha atajifanya alikuwa anapita tu."

Akaandika risiti: matundu saba.
Nikamrudishia.
"Andika sita."
Akaniuliza kwa nini,
lakini Twalibu alikuwa keshatangulia na ngazi,
namsikia kule konani
akiyaomba mawe radhi.